Ubongo, Homoni na Mwenendo wa Mwanadamu

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hapa Soni, na katika vigango vya milimani vinavyotuzunguka, kuna swali moja linaloulizwa kwa sura nyingi. Bibi anataka kujua kama mjukuu wake anayeanguka na kutokwa povu amerogwa. Mume anauliza kwa nini mkewe, tangu ajifungue, hataki hata kumtazama mtoto. Kijana anauliza kwa sauti ya chini ametenda dhambi gani hata sala imekuwa chungu kinywani mwake na asubuhi hana nguvu ya kuinuka kitandani. Wote watatu wanauliza jambo moja: mtu huyu anasukumwa na nini? Je, ni roho yake, ni pepo, ni uovu wa moyo, au ni mwili?

Swali hili si la wasomi peke yao, kwa maana jibu lake likikosewa watu hufa. Mtoto wa kifafa aliyeachishwa vidonge ghafla kwa sababu ameombewa anaweza kupatwa na degedege lisilokatika na kupoteza maisha usiku huohuo. Mgonjwa wa sonona anayeambiwa kila Jumapili kwamba imani yake ni haba huongezewa mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana inafaa tujue, japo kwa kiasi, namna ubongo na kemikali zake zinavyofanya kazi, kisha tuone jambo hilo linabadilisha nini katika kumpima mwenzetu.

Ubongo na wajumbe wake

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni sehemu ndogo sana ya mwili, lakini mwili unapopumzika hutumia karibu moja ya tano ya nguvu yote. Ndani yake kuna seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila seli huzungumza na nyingine nyingi, na mazungumzo hayo ndiyo yanayobeba kumbukumbu, hofu, njaa, hamu, na hata jitihada ya kusali.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama seli hizo huzungumza kwa umeme tu. Jibu lilipatikana Graz, nchini Austria, kwa mtafiti Otto Loewi. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku wa kuamkia Pasaka aliota jaribio, akaamka na kuliandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja kupambazuke, alikwenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa neva unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa haukuguswa na neva yoyote. Kumbe neva ilikuwa imemwaga kitu majini! Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Kitu hicho kilichomwagwa ndicho tunachoweza kukiita mjumbe wa neva. Kati ya seli na seli kuna ufa mwembamba mno. Umeme unapofika ukingoni, seli hutoa kemikali zinazovuka ufa huo na kushika kwenye vipokezi vya seli ya pili. Wajumbe wanaojulikana leo ni wengi. Dopamini huhusika na hamu, kujifunza na mwendo wa viungo. Serotonini huhusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo, na ajabu ni kwamba takriban asilimia 90 yake imo katika utumbo, wala si kichwani. Glutamati huamsha seli za ubongo, na gaba huzituliza. Niseme mapema kwamba hakuna mjumbe mmoja wa furaha wala mmoja wa hasira, ingawa simulizi za mitandaoni hupenda kuyarahisisha mambo hivyo. Mjumbe yuleyule hufanya kazi tofauti katika sehemu tofauti za ubongo.

Homoni, ambazo baadhi ya vitabu huziita vichocheo, ni wajumbe wa namna nyingine. Hizi hutolewa na tezi, huingia katika damu, na husafiri mwili mzima. Ujumbe wa neva zilizo na kasi kuu hupita zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Homoni huenda polepole zaidi, lakini kazi yake hudumu. Kila aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kuja Soni anazifahamu zote mbili bila kuzijua kwa majina. Basi likiwa kwenye kona, lori la mboga likitokea juu ghafla, abiria hushtuka na kushika kiti kabla hajafikiri: hiyo ni kazi ya neva. Punde tezi zilizo juu ya figo huongeza adrenalini katika damu, moyo hudunda, viganja hutoa jasho, mdomo hukauka. Lori limekwisha kupita, abiria wamekwisha kucheka, lakini moyo bado unakwenda mbio hadi karibu na stendi. Damu haijasafishika.

Baada ya adrenalini huja kotisoli, homoni ya msongo, inayotoa sukari mwilini ili mtu apambane au akimbie. Hatari ikipita, hushuka. Shida ni kwa yule ambaye hatari yake haipiti: mwenye deni lisilolipika, mke anayesubiri kila jioni kusikia mume amerudi akiwa katika hali gani, mtoto anayelelewa katika nyumba ya ugomvi. Kotisoli inayokaa juu kwa muda mrefu huvuruga usingizi, kumbukumbu na uvumilivu. Mtu huanza kufoka kwa jambo dogo, na majirani husema amebadilika tabia.

Lutindi

Sisi wa milima ya Usambara hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta historia ya mambo haya. Kama vile Watanzania wengi wanavyolitaja jina la Mirembe ya Dodoma wanapotaka kumtania mtu kwamba akili zimemruka, watu wa mkoa wetu wanalo jina la Lutindi, lililo katika Usambara Magharibi upande wa Korogwe. Mwaka 1896 wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walianzisha huko makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, makao hayo yaligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Ndugu zetu Walutheri wanaiendesha hadi leo.

Tufikiri kidogo juu ya tarehe hizo. Kwa karibu nusu karne Lutindi ilipokea watu waliosikia sauti, waliokimbia porini, waliowatishia ndugu zao, na wakati huo hapakuwa duniani kote na dawa ya kuzituliza sauti hizo. Palikuwa na chakula, kitanda, hewa ya mlimani, kazi ya shamba, na watu waliokubali kuishi nao. Dawa ya kwanza ya kweli, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne ndio walioeleza matokeo yake. Wagonjwa waliokuwa wamefungwa kwa miaka walianza kuketi mezani na kuzungumza. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1963, Msweden Arvid Carlsson akaonyesha njia ya kuelewa jambo hilo: dawa hiyo huziba vipokezi vya dopamini.

Hapo kuna fundisho zito kwetu. Ikiwa sauti inayomwamuru mtu amdhuru jirani hunyamaza pale mjumbe mmoja wa ubongo anapozuiwa, basi kule kusikia sauti hakutoshi kuwa ushahidi wa pepo. Na anayemfunga mgonjwa wa namna hiyo kwa mnyororo kwenye nguzo ya jikoni anamwadhibu kwa jambo ambalo hakulichagua.

Hata hivyo Lutindi ina fundisho la pili. Wagonjwa wake hufanya kazi katika mashamba ya chai na katika ufundi wa mikono, wala dawa zilipopatikana kazi hizo hazikufutwa. Mwanadamu aliyetulizwa kwa vidonge na kuachwa peke yake chumbani bado ni mgonjwa. Anahitaji jembe, salamu ya asubuhi, na mtu anayemwita kwa jina.

Kifafa

Hakuna ugonjwa wa ubongo uliosingiziwa mengi kuliko kifafa. Kwa kweli kifafa ni dhoruba ya umeme: kundi la seli za ubongo hupiga kwa pamoja bila utaratibu, na mwili hufuata. Sababu zake ni nyingi. Kuna jeraha la kichwa, kuna uzazi uliochukua muda mrefu mtoto akakosa hewa, kuna malaria iliyopanda kichwani. Kuna pia mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu huyameza pamoja na uchafu wa kinyesi kutoka mikononi, katika maji au katika mboga zisizooshwa. Mabuu yake huweza kukaa ndani ya ubongo. Choo bora na maji safi ya kunawa ni kinga ya kifafa, jambo ambalo si wengi wanaolifikiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi Mahenge, mkoani Morogoro, miongoni mwa Wapogoro, akaanzisha kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na kulishwa peke yao, kwa kuwa watu waliamini povu na mate yao huambukiza. Wengine walikuwa na makovu makubwa ya moto, maana walipoanguka jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa. Dawa aliyotumia zaidi ni fenobabitoni, ya bei nafuu, ambayo huimarisha kazi ya gaba, yule mjumbe anayetuliza. Vidonge vichache kwa siku viliwarudisha watu shambani, jikoni na kanisani.

Nirudie kwa herufi nzito, kama ningeweza: kifafa hakiambukizi kwa mate. Anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto na maji, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na degedege likipita dakika tano apelekwe hospitali. Dawa isiachwe ghafla hata kama mwaka mzima umepita bila kuanguka. Ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyimwa utulivu huo ghafla, huweza kulipuka kwa nguvu kuliko mwanzo. Kupunguza dawa ni kazi ya daktari, tena kwa miezi.

Hapa msomaji wa Biblia atanikumbusha kijana wa Marko 9, aliyeanguka motoni na majini, na Bwana akamwokoa kwa kumkemea pepo. Ni kweli. Lakini Mwinjili Mathayo, anayesimulia tukio hilohilo katika sura ya 17, anapowaorodhesha waliopelekwa kwa Yesu katika 4:24 huwataja wenye pepo na wenye kifafa kwa mafungu mawili. Hata yeye hakuwaona kuwa wamoja. Nalo Kanisa lina busara ya zamani katika jambo hili. Kitabu cha madhehebu cha mwaka 1614 kilimwonya padre asiamini upesi kwamba mtu amepagawa, bali ajue dalili zinazomtofautisha na mgonjwa. Madhehebu mapya yaliyotolewa mwishoni mwa karne iliyopita yanarudia onyo hilo na kutaka, inapohitajika, wataalamu wa tiba waulizwe. Kadiri ya kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa, hakuna anayeruhusiwa kumpunga mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu. Mkesha wa maombi unaomshika mtoto wa kifafa kwa nguvu usiku kucha hauna ruhusa hiyo.

Tezi ya shingo, na siku za baada ya uzazi

Wazee wa milimani wanakumbuka wakati ambapo rovu shingoni lilikuwa jambo la kawaida. Mvua ya miaka maelfu huosha madini ya joto, yaani ayodini, kutoka katika udongo wa miinuko, na bila ayodini tezi ya mbele ya koo haiwezi kutengeneza homoni yake. Tezi huvimba ikijitahidi. Lakini shingo si sehemu inayoumia zaidi. Homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni, hasa katika miezi ya kwanza ambapo mtoto hutegemea homoni ya mama. Mama akiikosa sana, mtoto huweza kuzaliwa na udumavu wa akili usiotibika.

Serikali ya Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye ayodini katika wilaya zilizoathirika sana katika miaka ya 1980, na baadaye, miaka ya 1990, chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo. Wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walitoa mwaka 2009 utafiti juu ya mpango huo wa vidonge, wakasema kwamba watoto ambao mama zao walivipata mapema walisoma madarasa zaidi, hasa wasichana. Wengine wameyabishia mahesabu yao, na mimi siegemei idadi ya madarasa. Kinachonigusa ni kwamba mtoto aliyeitwa mzito wa kichwa, akachapwa ubaoni kwa uvivu, huenda alipungukiwa na chumvi kabla hajazaliwa. Katika mtu mzima vilevile tezi hii hucheza na tabia. Homoni ikizidi, mtu hukosa usingizi, hutetemeka, hukasirika upesi na kukonda. Ikipungua, huwa mzito, msahaulifu, mwenye huzuni na baridi. Watu wa namna hiyo wameonywa kwa uvivu au kwa ukali, nao walihitaji kipimo cha damu.

Kuhusu wazazi waliojifungua: wakati wa ujauzito homoni za estrojeni na projesteroni hupanda juu sana, na katika siku chache baada ya kondo kutoka huanguka. Machozi ya siku ya tatu au ya nne ni ya kawaida na hupita. Lakini zikipita wiki mbili na mama bado halali, hali, anajiona hafai, hamtaki mtoto au anawaza kumdhuru, huo ni ugonjwa, na unatibika. Mama mkwe asimwambie kwamba wenzake walizaa kumi wakalima kesho yake. Amshikie mtoto, mama alale, na asubuhi waende hospitali.

Mirungi, boha na mkeka

Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliofundishwa kungoja tone la maji matamu. Aliona kwamba seli hizo hazipigi sana kwa utamu wenyewe bali kwa utamu usiotarajiwa. Nyani akishazoea kwamba mwanga fulani hutangulia maji, seli hupiga kwa mwanga, wala si kwa maji tena. Na maji yasipokuja, hunyamaza. Dopamini basi ni mwalimu anayesema: hapa pana kitu, rudi tena.

Mwalimu huyo anaweza kudanganywa. Mirungi, inayopandwa ng'ambo kwa majirani zetu wa Same na ambayo sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inaipiga marufuku, ina kemikali iitwayo kathinoni. Hii huzifanya seli zimwage dopamini na noradrenalini bila sababu yoyote ya kweli. Mtafunaji huona usingizi umekimbia na maneno yanakuja yenyewe. Kesho yake huwa mkavu, mwenye hasira, asiye na hamu ya lolote. Kathinoni huharibika majani yakikauka, na ndiyo maana wauzaji huendesha pikipiki kama wanakimbiza kifo. Michezo ya kubahatisha haina jani wala moshi, lakini hutumia mlango uleule. Kijana aliyeweka mkeka wa mechi kumi, tisa zikashinda na moja ikaharibu, hajisikii kama aliyeshindwa. Hujisikia kama aliyekaribia, na kukaribia kunamfundisha kurudi.

Pombe hufuata njia nyingine: huongeza nguvu ya gaba na kuibana glutamati. Anayekunywa boha au konyagi kila siku kwa miaka, ubongo wake hujirekebisha kwa kujiamsha zaidi ili usawazishe. Sasa wapendwa, lisikilizwe hili vizuri, maana linatuhusu sisi tunaowahimiza watu waweke ahadi mbele ya altare. Mlevi wa kila siku akiacha ghafla, ubongo ulioamshwa hubaki bila breki. Siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kuona wadudu wasiokuwapo, kuweweseka, kupatwa na degedege na kufa. Ahadi yake ni njema na Mungu aibariki, lakini aipitishie kwanza kwa mganga wa zahanati. Kwa waraibu wa heroini, Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imeendelea kuenea.

Je, tuko huru?

Mwenye kufuata maelezo haya anaweza kusema: basi hakuna dhambi, kuna kemikali tu. Hitimisho hilo halifuati. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13 bila darubini, alifundisha kwamba roho ni umbo la mwili, na kwamba akili ya binadamu katika maisha haya haifikiri bila picha zinazotoka katika viungo. Ndiyo maana, asema katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 84, kiungo cha mwili kikijeruhiwa hata fikra huzuiwa, kama kwa mwenye wazimu. Hakuona aibu kwa jambo hilo wala hakuiona imani ikitikisika. Na alipoandika juu ya dawa za huzuni alitaja machozi, huruma ya marafiki na kutafakari ukweli, kisha akaongeza usingizi na kuoga. Nabii Elia naye, alipokata tamaa chini ya mti na kuomba afe, hakuhubiriwa na malaika. Alipewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Maneno yalikuja baadaye, mlimani.

Katekisimu, katika namba 1735, inakubali kwamba kuwajibika kwa tendo kunaweza kupungua au hata kufutwa kwa sababu ya ujinga, kutokujali, kulazimishwa, hofu, mazoea, na mambo mengine ya kinafsi au ya kijamii. Kupungua kuna vipimo. Siwezi kusema lolote la kitubioni, lakini kila muungamishi anajua tofauti ya mtu asiyeweza na mtu asiyetaka, na anajua pia kwamba mara nyingi wawili hao hukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwanamume anayempiga mkewe husema damu ilimchemka. Inawezekana ilichemka kweli. Lakini damu hiyo haichemki mbele ya mkuu wa polisi, haichemki mbele ya mwajiri, na huchagua chumba ambacho hakina shahidi. Hasira inayojua kuchagua mahali bado ina mtu anayeiongoza. Vivyo hivyo anayejua kwamba boha humgeuza kuwa mkatili hawezi kujificha nyuma ya kikombe cha tano, kwa kuwa aliwajibika kwa kile cha kwanza. Lakini mraibu ambaye ubongo wake umefundishwa kwa miaka kumi hatuwezi kumpima sawasawa na kijana anayeonja leo. Uhuru wake umebaki mdogo, labda unatosha kwa tendo moja tu: kukubali kushikwa mkono apelekwe kliniki. Hilo tendo moja, kwake, ni kubwa.

Kwa nyumba yenye mgonjwa, Hospitali ya Bumbuli na ya wilaya pale Lushoto zipo, na Lutindi ipo kwa wale wanaohitaji kulazwa. Mgonjwa wa akili anaweza kupokea Mpako wa Wagonjwa kama mwingine yeyote mwenye ugonjwa mzito. Familia imwambie paroko au katekista, bila kungoja mtu afike kufani. Asiyeweza kukaa kimya kanisani aletwe tu, akae karibu na mlango na ndugu yake.

Linabaki jambo la wale waliojiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1240, iliwahesabu waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa, na wazee wetu wengi bado wanashika hivyo. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha hiyo, iliyo sasa katika kanuni ya 1184. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu au hofu kuu huweza kupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Familia iliyopatwa na msiba wa namna hiyo ije ofisini kupanga maziko kama familia nyingine, na jina la marehemu liandikwe katika daftari la nia za Misa pamoja na majina mengine ya mwezi huo.